Nani Analipia Kinanda?

Mwangaluka! (Ukumbi: Mwangaluka!) Shikamooni wazee wangu. Nimeombwa nizungumzie historia ya shule za muziki za umma kwa watoto. Naona walimu wa kwaya mmejaza mstari wa mbele, kwa hiyo leo nikipotea tuni sina pa kujificha.

Nianze na ubao. Nikiwa na miaka 9, pale Kirumba, jijini Mwanza, kwaya yetu ya watoto ilikuwa na kinanda kimoja na sisi tulikuwa 14. Mwalimu akaokota ubao wa kitanda kibovu, akauchora vibonyezo vyeupe na vyeusi kwa mkaa. Ukisubiri zamu yako unapiga ubao, sauti unaitoa mwenyewe mdomoni: do, re, mi. Jasho likifuta mkaa, Jumamosi inayofuata tunachora upya. Mpaka leo nikimaliza kupiga kinanda huwa naviangalia vidole kama vimechafuka.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Venezuela. Mwaka 1975, jijini Caracas, José Antonio Abreu, mchumi ambaye pia alikuwa mwanamuziki, alianza mazoezi na vijana 11 ndani ya gereji. Mpango ule, El Sistema, ukaja kufikia mamia ya maelfu ya watoto. Huko watoto wadogo huanza na violini za karatasi na maboksi: wanajifunza kushika, kukaa na kutunza chombo, ndipo wanapewa violini ya mbao. Nilicheka peke yangu, nikaukumbuka mkaa wetu. Halafu kicheko kikakata. Kwao karatasi ni darasa la kwanza, na violini ya kweli inasubiri kwa gharama ya serikali. Kwetu, ubao ulikuwa darasa la kwanza na la mwisho. Na huyo Abreu alikuwa mjanja: kwa miaka mingi fedha zake zilitoka kwenye wizara za vijana na ustawi wa jamii, si kwenye fungu la sanaa. Alikwenda kuomba hela ya kulea watoto.

Na kulea ndiko kulikoanzisha jambo lenyewe. Neno konsevatori, yaani shule ya muziki, ambalo siku hizi linatajwa kwa heshima kubwa, asili yake ni kuhifadhi. Napoli, huko Italia, katika karne ya 16, lilikuwa jina la nyumba za kuhifadhi yatima. Watoto walifundishwa kuimba, wakapelekwa mazishini na kwenye maandamano ya sikukuu, ujira ukaingia kwenye kapu la nyumba. Yaani mtoto alijilipia ada kwa koo lake. Venice nako, mtunzi wa muziki Vivaldi alianza mwaka 1703 kufundisha violini wasichana waliolelewa kwenye nyumba ya yatima ya Ospedale della Pietà.

Ufaransa mambo yakageuka. Mwaka 1792 jiji la Paris lilifungua shule ya bure ya bendi ya Walinzi wa Taifa, na kutoka hapo mwaka 1795 ikazaliwa Konsevatori ya Paris. Msidhani ni huruma. Mapinduzi yalikuwa na sherehe za hadhara, na sherehe za hadhara zinataka wapiga tarumbeta! Norway wao walifika mbali zaidi: tangu 1997 sheria inaitaka kila manispaa iwe na shule ya muziki na utamaduni ya watoto, yenyewe au kwa kuungana na jirani. Mzazi anachangia ada, lakini mji hauwezi kusema hatuna.

Sasa turudi nyumbani. Usukumani hapakuwahi kukosa shule. Wasukuma mlio humu mtanisahihisha: Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi kwenye uwanja wake. Mtihani gani mkali kuliko huo? Bugobogobo, ngoma ya wakulima, mtu aliijifunza akiwa na jembe mkononi, shambani, na hakuna aliyemuuliza ada, kwa sababu ngoma ilikuwa mali ya kundi. Nendeni makumbusho ya Wasukuma pale Bujora mkaone ngoma zile zilizotunzwa, halafu mjiulize kama kuna mtoto aliyekuwa anatakiwa kuja na ya kwake.

Walimu tunao, chuo cha ualimu cha Butimba kimefundisha walimu wa muziki kwa miaka mingi. Kwa anayetaka chuo cha sanaa kipo cha Bagamoyo, tangu 1981. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1962, aliweka utamaduni na vijana ndani ya wizara moja. Aliyekosa mahali ni huyu wa miaka 9 wa Igoma au Mabatini, ambaye baba yake anauza dagaa. Mimi siombi jengo. Madarasa ya shule za msingi Jumamosi yamefungwa kufuli, na funguo ziko kwa watu tunaowajua. Naomba mstari mmoja kwenye bajeti ya halmashauri ulioandikwa vinanda, ngoma na posho ya mwalimu.

Maswali yatafuata. Kwanza, ule ubao wa Kirumba uliliwa na mchwa, lakini jana usiku nimechora mwingine, huu hapa. Nahitaji mtoto mmoja. Wewe binti wa sweta la kijani, njoo. Usiogope kuchafuka, mama ameruhusu.