Shimo la Ukaguzi Chini ya Injini: Kazi Inayotangulia Kutandika Reli

SALMA: Karibuni tena, wapenzi wa reli za mfano, yaani treni ndogo tunazojenga mezani. Leo tunazungumzia mashimo ya ukaguzi, yaani yale mahandaki membamba yanayochimbwa kati ya reli mbili katika karakana ya treni, ili fundi aweze kusimama chini ya injini na kuifanyia kazi. Kaka Bakari, wajenzi wengi huliacha shimo hili hadi mwisho kabisa, ilhali wewe unashikilia kwamba ni lazima litangulie. Kwa nini?

BAKARI: Ahsante, dada Salma. Nashikilia hivyo kwa sababu shimo linaondoa mataruma, yaani zile nguzo zinazolala chini ya reli. Katika njia ya kawaida, mataruma ndiyo yanayozishika reli mbili zisiachane wala zisikaribiane. Lakini taruma haliwezi kukatiza juu ya shimo, kwa kuwa fundi angekosa pa kupitisha kichwa na mikono. Kwa hiyo kazi yote ya mataruma inahamia kwenye kuta za shimo, na kuta hizo zikikosewa kwa nusu milimita tu, injini itatoka kwenye reli mahali pale pale unapotaka isimame itazamwe. Anayekuja kukata mataruma ya njia iliyokwisha kutandikwa anaondoa kinachoshika reli kabla hajaweka kingine cha kuzishika.

SALMA: Kabla hatujashika msumeno, tuelezane fundi hufuata nini kule chini, maana naamini umbo la shimo linatokana na kazi yake.

BAKARI: Ni kweli kabisa. Injini nyingi za mvuke zilikuwa na silinda zilizofichwa kati ya fremu, pamoja na fimbo na beringi zake, na sehemu hizo hazikufikika vizuri kwa mtu aliyesimama kando. Chukua Mallard, injini ya Uingereza yenye silinda tatu, ambayo tarehe 3 Julai 1938 ilifikia mwendo wa maili 126 kwa saa, yaani takriban kilomita 203. Katika safari ile ile, beringi ya fimbo kuu ya silinda ya kati ilipata joto kupita kiasi, na injini ikalazimika kuachishwa treni ilipofika Peterborough. Beringi ya namna hiyo huwezi kuikagua kwa kuinama pembeni. Injini za dizeli na za umeme nazo zinahitaji shimo, kwa ajili ya breki, mota zinazozungusha magurudumu na mabomba.

SALMA: Na shimo la majivu ni jambo lile lile?

BAKARI: Hapana, ingawa yanafanana kwa sura. Shimo la majivu kwa kawaida liko nje ya banda, na humo ndimo moto na majivu ya injini huondolewa, kwa hiyo kuta zake hubabuka kwa joto na sakafu yake hujaa majivu. Shimo la ukaguzi lina mafuta, maji na masizi. Mtu akiyapaka yote mawili rangi moja, mtazamaji makini ataona mara moja kwamba kuna kitu hakikufikiriwa.

SALMA: Tuje kwenye vipimo. Msikilizaji anayejenga kwa kipimo cha 1:87 au 1:76, yaani kitu halisi kikipunguzwa mara 87 au mara 76, achimbe kiasi gani?

BAKARI: Tuchukue shimo halisi lenye kina cha mita moja. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 11.5; kwa 1:76 ni milimita 13; na kwa 1:160 ni milimita 6 na ziada kidogo. Ningewasihi wajenzi wasipunguze kina hicho. Shimo la milimita 4 lililopakwa rangi nyeusi linaonekana kama mfereji wa maji ya mvua, na hakuna mfano wa fundi utakaosimama humo ukaaminika.

SALMA: Maana yake ni kukata ubao wa msingi moja kwa moja hadi chini.

BAKARI: Ndiyo, kwa sababu plaiwudi ya milimita 9 haitoshi kubeba kina hicho. Kwa hiyo, chungulia kwanza chini ya meza uhakikishe kwamba hakuna mbao za fremu, mota ya kubadilishia njia wala fungu la nyaya mahali unapotaka kukata. Kisha jenga shimo kama sanduku refu la karatasi ngumu za plastiki, ulishushe ndani ya nafasi uliyokata, na ulishikize kwa pembeni. Njia ya 1:87 na ile ya 1:76 inayotumiwa na wengi zote zina milimita 16.5 kati ya reli, nami huacha milimita 13 kati ya kuta, ili kila reli ikae juu ya ukuta na kubaki na ukingo mwembamba upande wa ndani. Kumbuka tu kwamba karatasi yenye alama za matofali utakayobandika ndani inakula nafasi pande zote mbili. Pima baada ya kuihesabu.

SALMA: Kuta ndefu za plastiki hupenda kupinda katikati. Unazizuiaje?

BAKARI: Tafuta kipande cha mbao kilichonyooka sawasawa, chenye upana uleule wa shimo, ukivishe nailoni, kisha uzijenge kuta zikiwa zimekikumbatia. Usikitoe hadi gundi ikauke kabisa. Upande wa nje gundisha vipande vya plastiki kila baada ya sentimita chache kama viegemeo, kwa sababu ukuta usioegemezwa utaanza kupinda hata miezi mingi baadaye. Sakafu usiifanye tambarare tupu: iinue kidogo katikati ili maji yaelekee kwenye mifereji miwili ya kando, kisha weka ngazi mwishoni. Kwa 1:76, ngazi tano za milimita 2.5 kila moja zinamshusha fundi vizuri.

SALMA: Na urefu?

BAKARI: Uzidi umbali kati ya gurudumu la kwanza na la mwisho, ili injini ikisimama ngazi zibaki wazi. Injini ya mita 20 ni milimita 230 kwa 1:87, na takriban 263 kwa 1:76.

SALMA: Sasa tufike kwenye reli zenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokwama.

BAKARI: Wengine hutumia gundi ya epoksi peke yake, na kwa shimo fupi inaweza kutosha. Mimi naamini zaidi vipande vidogo vya ubao wa saketi wenye tabaka la shaba. Unavikata viwe na ukubwa wa vile vishikio vya chuma vya reli halisi, unavipanga kwenye ubao ulionyooka, kisha unazilehemu reli juu yake kwa solda huku kipimo cha upana kikiwa kimezishika. Kazi hiyo ifanyike mezani, mbali na sanduku, kwa kuwa joto la kulehemu litayeyusha plastiki. Baada ya hapo ndipo unaziweka reli juu ya kuta kwa epoksi inayokauka taratibu, ambayo inakupa muda wa kupima na kusogeza. Kila reli iwe na vipande vyake. Lakini nje kidogo ya miisho miwili ya shimo weka taruma zima la ubao huo huo, lenye shaba iliyokwanguliwa katikati ili reli mbili zisipigane shoti.

SALMA: Ule ukingo wa gurudumu unaoshuka upande wa ndani wa reli hautagusa ukuta?

BAKARI: Hautagusa, mradi ukuta usiinuke kupita kitako cha reli upande wa ndani, na gundi isiachwe ikafura pale. Magurudumu ya zamani yenye kingo ndefu ndiyo yatakayokuonyesha palipobaki gundi.

SALMA: Umeme je?

BAKARI: Lehemu waya chini ya kila reli, usitegemee viungo. Upande wa taa ningependa tuwe waaminifu kwa zama. Karakana ya mvuke ilikuwa na giza, na fundi alishuka na taa ya mkononi, kwa hiyo safu ya taa ukutani inafaa zaidi shimo la zama za dizeli. Kwa umeme wa volti 12, taa ndogo ya LED nyeupe yenye rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) ya omu 1,000 hupitisha takriban miliampea 9, na mwanga huo bado ni mkali kwa shimo dogo. Ongeza rezista hadi mwanga utulie. Nje ya sanduku paka rangi nyeusi, la sivyo plastiki nzima itawaka.

SALMA: Mwisho, ni lini tunajua kwamba shimo limekubali?

BAKARI: Kabla ya kumwaga kokoto zozote kandokando. Sukuma behewa jepesi kwa kidole, polepole, kisha pitisha injini yenye magurudumu mengi zaidi uliyo nayo, kwa mwendo wa chini kabisa, kwenda na kurudi. Ikitikisika mahali, weka alama kwa penseli na upime upana hapo hapo, kwa sababu gundi ikiwa bado changa reli inaweza kurudishwa mahali pake.

SALMA: Ahsante sana, kaka Bakari. Kipindi kijacho tutajenga banda lenyewe juu ya shimo hili, tukianzia na milango yake.