Barua Zilizomfikia William Hichens: Karatasi za Mhariri wa Mashairi ya Kiswahili

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wapendwa. Leo mimi na kaka yangu tunazungumzia karatasi za William Hichens, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika utawala wa kikoloni nchini Kenya, kisha akajitolea kuhariri mashairi ya kale ya Kiswahili. Mwaka 1934 alishirikiana na Profesa Alice Werner kuchapisha utendi wa Mwana Kupona, mwaka 1939 akatoa utenzi wa Al-Inkishafi jijini London, na mwaka 1940 ikachapishwa Johannesburg diwani aliyoihariri ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa. Karatasi zake, zikiwamo miswada na barua, zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika katika Chuo Kikuu cha London.

KAKA: Na barua hizo ndizo zilizonishughulisha, dada, kwa sababu kitabu kilichochapishwa kina jina moja la mhariri kwenye jalada, ilhali ukifungua karatasi zake unakuta watu wengi wakizungumza naye, na wengi wao ni wenyeji wa Lamu na Mombasa waliokuwa wakijua mashairi hayo kabla yeye hajayasikia.

DADA: Tuanze na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, basi.

KAKA: Kijumwa alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri sana, mchongaji wa mbao na mwanamuziki. Profesa Werner alikutana naye alipofika Lamu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na tangu hapo akawa mnakili ambaye wataalamu wa Ulaya walimtegemea. Walimwagiza tendi, naye akazinakili kwa mkono wake, kwa hati za Kiarabu, kwa malipo. Alimwandikia Hichens pia. Mimi naona si haki kumwita mtu huyu msaidizi. Mnakili anayeujua utendi kwa moyo anachagua neno lipi liandikwe pale ambapo nakala mbili zinatofautiana, na uchaguzi huo ni kazi ya uhariri, hata kama yeye mwenyewe hakuiita hivyo.

DADA: Wasikilizaji wengine huenda wasielewe ugumu wenyewe uko wapi. Hati za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano, na baadhi ya sauti zetu hazina herufi zake katika Kiarabu cha kawaida. Mnakili wa zamani akiandika herufi ba yenye kasra, yaani alama ya irabu i, msomaji anaweza kuisoma bi, be, pi, pe, mbi au hata mbe, na ni yule tu anayelijua shairi, mizani yake na vina vyake, atakayejua lililokusudiwa. Ongeza hapo kwamba Kiamu, lahaja ya Lamu, kinasema mato pale Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kinaposema macho, na utaona kwa nini mhariri aliyekaa Uingereza asingeweza kusonga ubeti mmoja bila kumwandikia mtu wa pwani.

KAKA: Na mtu wa Mombasa aliyemwandikia alikuwa Mbarak Ali Hinawy, ambaye alikuja kuwa Liwali wa Pwani, yaani mtawala wa kienyeji wa eneo hilo. Alikuwa msomi, mkusanyaji wa mashairi na mjuzi wa historia ya mji wake. Wengi humkumbuka kwa cheo chake, lakini mimi namthamini zaidi kwa uvumilivu wake wa kueleza kwa barua mambo ambayo kwa mdomo yangemalizwa kwa dakika mbili barazani.

DADA: Kuhusu Muyaka, njia ya mashairi yake ni ndefu zaidi, na hapa naomba tutulie kidogo. Muyaka alifariki mnamo 1840. Miaka mingi baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alikusanya yale yaliyokuwa bado yanakumbukwa, akamsaidia mmisionari William Taylor kuyaandika na kuyafahamu. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, Taylor mwaka 1927, na karatasi za Taylor nazo ziko SOAS. Kwa hiyo diwani ya mwaka 1940 imesimama juu ya kumbukumbu za watu wa Mombasa, juu ya kalamu ya Mwalimu Sikujua na juu ya madaftari ya Taylor. Profesa Mohamed Abdulaziz alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979, aliirudia miswada hiyo yenyewe, wala hakutosheka na kilichokwisha kuchapishwa.

KAKA: Hilo ndilo linalonifanya nizipende karatasi za mhariri kuliko kitabu chake. Kitabu kinakupa ubeti uliokwisha kuamuliwa. Karatasi zinakuonyesha mashaka yaliyotangulia, ni nani aliulizwa, na ni jibu gani lililokubaliwa. Al-Inkishafi ina nakala ambazo idadi na mpangilio wa beti zake havilingani, na msomaji anayeshika toleo moja tu anaweza kudhani kwamba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliupanga utenzi wake hivyo hivyo kama alivyousoma yeye.

DADA: Lakini kuna upungufu, kaka, na lazima tuuseme. Kwa kawaida mhariri huhifadhi barua alizopokea, na zile alizotuma hubaki kwa waliopokea, isipokuwa kama alijiwekea nakala. Basi tunamsikia Kijumwa akijibu, na swali lenyewe tunalikisia kutokana na jibu.

KAKA: Nami nasikitika kwamba kijana wa Lamu anayetaka kuiona hati ya mzee wa mji wake anaelekezwa London. Ni kweli kwamba orodha ya miswada ya Kiswahili ya SOAS ilitayarishwa na kuwekwa kwenye intaneti, na tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Hata hivyo, nusu ya pili ya mazungumzo hayo ya barua, yaani zile alizotuma Hichens, kama ipo, imo masandukuni mwa familia za pwani.

DADA: Wenye masanduku hayo nawaomba jambo moja. Msizitoe barua katika mpangilio mlizozikuta nao, na msizitenganishe na bahasha zake, kwa kuwa mara nyingi mhuri wa posta ndio ushahidi pekee wa tarehe. Mkilitambua jina la aliyeandika, liandikeni kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, mkaiweke pamoja na barua, kabla mzee anayeujua mwandiko huo hajaondoka.