AC Imepona, Taa Zimeugua

Habari za asubuhi, vijana. Kaeni, kaeni. Nawashukuru walimu wenu kwa kunikaribisha. Waliniambia nizungumzie umeme wa magari, nikawajibu kwamba hiyo ni bahari, nitachota kikombe kimoja tu. Kikombe chenyewe ni hiki: gari limeingia gereji kutengenezwa AC, limetoka linapoza safi, kesho yake mwenye gari anapiga simu. "Fundi, baridi ipo, lakini taa zinafifia." Au indiketa zinawaka ovyo. Au asubuhi betri haina kitu. Na wote humalizia na maneno yaleyale: "Mbona kabla ya hapo lilikuwa zima?"

Msimcheke. Mara nyingi anasema kweli. Hapa Dar joto likishapanda, kuanzia Desemba mpaka Machi, kazi za AC zinamiminika na mafundi wanafanya haraka. Kompresa inafunguliwa, kondensa inatolewa, pengine dashibodi nzima inashushwa ili kuifikia evapureta, kile kipoza hewa cha ndani. Kote huko mkono umepita katikati ya waya. Kwa hiyo swali langu la kwanza, kabla sijafungua hata boneti, huwa ni moja: mkono wa fundi ulipita wapi? Simuulizi mteja gari linaumwa nini. Namuuliza lilifunguliwa wapi.

Niwape kisa. Miaka kadhaa nyuma nililetewa Corolla 110 lililobadilishwa kompresa kwingine, pa kwao sitapataja. Lilikuwa na vituko viwili. Kwanza, usiku dereva akiwasha taa kubwa, mshale wa joto la injini unapanda, akizima, unashuka. Pili, staata inasota kama mzee anayepanda ngazi na gunia. Yule bwana alishauziwa betri mpya. Akabadilishiwa thermostati. Akafungiwa alteneta, ile inayochaji betri, ya mtumba kutoka kwa wauza spea wa Gerezani. Vitu vitatu, pesa imekwenda, na gari liko vilevile.

Nikamwambia apige staata mara mbili, kisha nikashika kebo ya mafuta, ile inayovutwa na pedali. Ilikuwa ya moto! Ganda lake la plastiki limeanza kulainika, na kile kiharufu mnakijua.

Nani ataniambia kwa nini kebo ya pedali ipate moto? (Kimya.) Haya. Staata ikizunguka inakula ampea mia na zaidi. Umeme huo ukitoka chanya, lazima urudi hasi ya betri. Staata imefungwa kwenye bloku ya injini, lakini injini imekalia maunti za mpira, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo maana kuna ule waya mnene wa ethi wa kuiunganisha bloku na hasi. Fundi wa kompresa alifungua boliti iliyoshika ethi, akarudisha kila kitu, ethi akaiacha inaning'inia nyuma ya brakketi. Umeme haukatai kurudi nyumbani kwa sababu njia kuu imefungwa; unapita uchochoroni. Uchochoro wake ulikuwa ile kebo nyembamba.

Na mshale wa joto? Sensa yake imekazwa kwenye injini na inategemea bloku iwe ndiyo ethi yake. Bloku na bodi zikipishana volti, geji inasoma uongo. Ukiwasha taa, mzigo unaongezeka, na uongo nao unakua. Injini haikuwa imechemka hata siku moja.

Sasa kipimo, na hiki mkiondoka nacho peke yake nitaridhika. Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha moja gusisha nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe, si tamino iliyoivaa. Ncha ya pili gusisha chuma kitupu cha bloku, pasipo rangi wala grisi. Mwenzako apige staata. Ethi ikiwa nzima, mita haipaswi kuvuka nusu volti. Mimi hufurahi nikiona sifuri nukta mbili. Kwenye ile Corolla nilisoma volti tatu na ushei. Nilitafuta waya, nikapiga msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, nikakaza boliti. Nusu saa. Yule bwana hakuamini, na kusema kweli hakufurahi pia, maana alikuwa anahesabu kichwani bei ya ile alteneta.

Kuna mtu atauliza kwa nini nisipime ohm, yaani ukinzani wa waya. Kwa sababu waya uliokatika nyuzi zote ukabaki na uzi mmoja tu utakuonyesha ohm karibu na sifuri, utausifu, na ukiupitishia ampea mia hauwezi kitu. Ethi hupimwa ikiwa kazini.

Kuna upande mwingine wa habari hii, nisije nikaonekana nawasema mafundi wa AC. Wakati mwingine hawajakosea kitu. Gari lilikuwa na alteneta iliyochoka, ila AC ilikuwa mbovu kwa mwaka mzima, haikuwa inawashwa, kwa hiyo hakuna aliyejua. Siku AC inapona, klachi ya kompresa, ile inayoiunganisha na mkanda, inadai ampea tatu au nne, feni ya ndani ikiwa juu kabisa inadai kumi na tano au zaidi, feni ya kondensa na yake, ongeza na taa. Alteneta inaelemewa. Basi washa injini, iache sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, washa AC, feni ya mwisho na taa kubwa, upime kwenye betri. Ukikuta volti 13.5 au zaidi, alteneta haina kesi. Ukikuta 12.4 na inazidi kushuka, tazama mkanda kwanza, maana kwenye magari mengi mkanda hulegezwa ili kompresa itoke na haurudishwi sawasawa. Alteneta ije baadaye.

Betri kufa usiku kucha ni jambo jingine. Hapo mimi humtuhumu relei, ile swichi inayowashwa kwa umeme. Relei ya feni ya kondensa ikigandana, feni inaweza kuendelea kuzunguka gari likiwa limezimwa, na hiyo utaisikia ukisimama kimya dakika moja. Ambacho hutakisikia ni kitu kidogo kilichobaki kinakunywa. Funga milango, subiri karibu nusu saa mpaka kontroli boksi zote, zile kompyuta ndogo za gari, zilale, kisha pima mkondo unaotoka kwenye betri. Gari lililolala halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50 hivi. Badala ya kuchomoa fyuzi mojamoja na kuziamsha tena kontroli boksi, weka mita kwenye milivolti, gusa zile nukta mbili za chuma mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayosoma kitu, fuata waya wake.

Kwenye kompresa yenyewe, pimeni koili ya klachi. Nyingi husoma ohm tatu mpaka nne. Ikisoma ohm moja, imepiga shoti ndani na itakula fyuzi kila siku. Tena angalieni dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kompresa nyingi zina kadayodi kamefichwa kwenye waya wa klachi, kametiwa tepu, na mtu anayefunga kompresa ya mtumba hukakata akidhani ni takataka. Koili ikikatiwa umeme hurudisha kishindo cha volti nyingi kinyumenyume. Dayodi ndiyo inayokimeza. Isipokuwepo, utasikia redio inasema "tak" kila klachi inapoachia, na transista ndani ya kontroli boksi inapokea kile kishindo mara mamia kwa siku. Bei ya dayodi mnaijua. Bei ya kontroli boksi mnaijua pia.

Ndiyo, wewe wa nyuma, uliza.

(Mwanafunzi: Fundi, kama fyuzi ya ampea 10 inaungua kila mara, tukiweka ya 20 si itastahimili?)

Fyuzi itastahimili. Waya je? Fyuzi ilipimwa kwa ajili ya waya, haikupimwa kwa ajili ya usingizi wako. Ukiweka ya 20, au ile karatasi ya sigara tuliyofundishwa mtaani, kitakachoungua mahali pa fyuzi ni waya, nyuma ya dashibodi, na mwenye gari akiwa Morogoro Road na watoto. Fyuzi ikiungua mara mbili, chomoa mzigo wake, tafuta waya uliobanwa na skrubu ya dashibodi au uliolalia bomba la chuma. Nimeshakuta skrubu imepenya katikati ya waya kama sindano kwenye shanga.

(Mwanafunzi: Na taa ya airbag ikibaki inawaka?)

Hapo mikono mfukoni kwanza. Soketi za airbag huwa za njano. Dashibodi ikishushwa kufuata evapureta, soketi hizo huchomolewa, na moja ikirudishwa nusu, taa inabaki. Usizipime kwa ohm kamwe, mkondo mdogo wa mita unaweza kufyatua mfuko usoni kwako. Zima swichi, toa hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 kama Toyota wanavyoelekeza, ndipo uiguse soketi na uisukume mpaka isikike "kli". Ukirudisha betri na taa bado ipo, tafuta mashine ya kusoma kodi za hitilafu za gari. Wengine hapa mtasema mtaichomoa balbu ya taa hiyo ili mteja asiione. Nimewaona wanaofanya hivyo, na ninawajua kwa sura.