Ukichaguliwa wewe kusema siku ya mahafali

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, ahsanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumze na wale waliochaguliwa kusema kwenye mahafali mwaka huu, ila naona na wengine mmekuja, nadhani mnahofia mwakani zamu itawaangukia. Karibuni nyote.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza nilipochaguliwa niliandika kurasa kumi na moja. Utandawazi ulikuwamo, changamoto za karne ya 21 zilikuwamo, na mwanafalsafa mmoja wa Kigiriki nilimnukuu maneno ambayo, nilikuja kugundua baadaye, hakuwahi kuyasema. Nilipofika ukurasa wa nne nikainua macho. Safu ya tatu kulikuwa na binti anajipepea kwa kofia yake, kishada kinampiga puani kila akipepea, na bado ananitazama kwa adabu, kama mjukuu anayemsubiri babu amalize hadithi aliyokwisha kuisimulia mara sita. Nikaruka kurasa tano palepale. Hakuna aliyegundua. Hata mwenzangu aliyenisahihishia rasimu, naye alikuwa amekaa jukwaani nyuma yangu, hakugundua!

Sasa, kwa nini aitwe mhadhiri wakati watu mashuhuri wapo? Kuna wanaosema ni kwa sababu mgeni rasmi ametoa udhuru dakika za mwisho. Hutokea, tusifichane. Lakini vipo vyuo vilivyoamua hivyo kwa makusudi. Chuo Kikuu cha Chicago kwa miaka mingi kimekuwa na desturi ya kumsimamisha mmoja wa wahadhiri wake. Bill Clinton alipozungumza pale mwaka 1999 akiwa rais wa Marekani, ilikuwa nje ya mazoea. Na huko Oxford, tangu karne ya 16, kuna cheo kizima cha mtu wa chuo ambaye kazi yake ni kukisemea chuo kwenye sherehe, tena kwa Kilatini. Sisi angalau tumeepushwa na Kilatini.

Mgeni mkubwa husema na dunia. Tarehe 10 Juni 1963, Rais wa Marekani John F. Kennedy alisimama kwenye mahafali ya American University, Washington, akatangaza mazungumzo ya kupiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia. Hotuba nzito, na ilistahili kusemwa. Ila wahitimu siku ile walikuwa kama wenye nyumba waliokodisha sebule yao: shughuli kubwa ilifanyika mbele yao, lakini haikuwa yao. Wewe mhadhiri dunia haikusikilizi. Hiyo ndiyo bahati yako, usiitupe kwa kujifanya waziri wa mambo ya nje.

Mwaka 2012, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari moja ya Marekani, David McCullough Jr., aliwaambia wahitimu wake kwamba wao si watu wa pekee. Akairudia kauli hiyo. Video ilisambaa kwenye intaneti, na watu ambao hata hawakuwapo wakamkasirikia. Mimi nikiitazama ile hotuba naona jambo moja: hayo yanasemwa na mtu aliyesahihisha insha zao. Angeyatamka mgeni aliyeshuka kwenye gari dakika kumi kabla, yangekuwa matusi.

Kwa hiyo jambo la kwanza, ulizia nani amekuchagua. Pengine ni kamati ya mahafali, pengine umeshinda tuzo ya ufundishaji na hotuba imekuja kama mkia wake. Ikiwa ni wahitimu wenyewe waliopiga kura, wanataka sauti ile ile ya darasani, si nyingine uliyoiazima pamoja na joho. Nao uongozi lazima uvumilie kidogo. Mwaka 1838 wahitimu wa shule ya theolojia ya Harvard walimwalika wenyewe mwandishi Mmarekani, Ralph Waldo Emerson. Alichokisema kiliwachukiza wakubwa kiasi kwamba Harvard haikumwita tena kuzungumza kwa karibu miaka 30. Sisemi mfike huko.

Muda. Fanyeni hesabu: wahitimu 600, kila jina sekunde tano, hizo ni dakika 50 za majina peke yake. Na majina ndiyo yaliyowaleta wazazi. Dakika nane zako zinatosha, na uzipime kwa kusoma kwa sauti, saa ikiwa mezani. Ukisoma kimoyomoyo utajidanganya. Karatasi chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja, weka namba za kurasa. Uwanjani sauti hukurudia kutoka kwenye spika, basi tulia mwisho wa kila sentensi, vinginevyo utakuwa unagombana na mwangwi wako.

Lakini kubwa ni nini cha kusema. Mara ya pili nilipopanda jukwaani sikubeba hotuba ndefu. Nilibeba daftari la maabara, lile wanalosaini wakiazima hadubini. Jalada limekatika, lina alama ya kikombe cha chai ambacho hakikupaswa kabisa kuingia mle ndani. Nikasoma mistari mitatu bila kutaja jina. Wa kwanza: imechukuliwa saa mbili usiku, imerudishwa saa kumi na moja alfajiri. Wa pili, mkono ule ule, kesho yake, saa zile zile. Wa tatu: "Taa imeungua. Nimenunua nyingine. Samahani, siyo mimi niliyeiunguza ile ya kwanza."

Ukumbi mzima wa wahitimu ukalipuka, maana walimjua. Wazazi nao wakacheka kwa kuwaona watoto wao wanacheka. Baada ya hapo nikasema niliyotaka kusema kuhusu kazi inayofanywa usiku bila mtu kukagua, dakika nne tu, nikakaa.

Nilipokuwa navua joho, mama mmoja akanifuata akaomba aone ule ukurasa. Nikaanza kumtafutia mstari. Hakunisubiri, kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye "Samahani". Akasema, hii "S" ameanza kuiandika hivi tangu darasa la pili, nimempigia kelele weee, hajabadilika.

Basi. Nani amekuja na rasimu yake? Tuanze na iliyo ndefu kuliko zote.