Tumbo Lililovimba Kabla ya Kufika Hospitali

Ndugu wahudumu wa afya ya jamii, nanyi mnaosindikiza wagonjwa kwa gari au kwa boti kutoka visiwa vya Ziwa Victoria, mkimkuta mtu tumbo limemvimba, ulizeni kwanza limeanza lini. Huku kwetu kichocho cha tumbo kikikaa mwilini miaka mingi huziba mishipa ya ini hata maji yakajaa tumboni, na tumbo la namna hiyo hukua kwa wiki na miezi. Lakini tumbo lililokuwa la kawaida asubuhi, na jioni limejaa na kukaza, linaweza kuwa na damu ndani au utumbo uliojisokota, na mwenye nalo hana muda wa kusubiri.

Kabla ya kugusa, tazameni. Legezeni kanga iliyofungwa kiunoni, muone kama kuna michubuko, kovu la upasuaji au mishipa iliyotokeza kuzunguka kitovu. Kisha shikeni kifundo cha mkono mhesabu mapigo kwa dakika nzima. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi hutulizwa na kipimo cha presha: mtu mzima anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake na presha ikaonekana nzuri, huku mapigo yamepita 100, viganja vimepoa na kulowa jasho, na ukucha ukibonyezwa rangi yake inachelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 2. Kijana aliyegongwa ubavu wa kushoto na usukani wa bodaboda anaweza kutembea mwenyewe hadi zahanati huku bandama ikivuja polepole, na bandama iliyokuzwa na malaria au kichocho huweza kupasuka kwa pigo dogo tu.

Mwanamke wa umri wa kuzaa, hata binti wa shule, aulizwe faraghani siku zake za mwisho, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi huua haraka. Mwenye ujauzito mkubwa alazwe ubavu wa kushoto.

Mkipapasa, anzeni mbali na panapouma, macho yenu yakiwa usoni pake. Ulizeni alipata choo na kukojoa lini, kwani kibofu kilichoziba nacho huvimbisha tumbo. Asile wala asinywe chochote, hata uji ambao ndugu wameuandaa kwa upendo.

Njiani mpimeni aliye mahututi kila dakika 5, na kwenye karatasi ya rufaa andikeni mapigo pamoja na saa: kwamba saa 8:10 yalikuwa 96, na saa 8:40 yakawa 124.