Mtoto akishtuka, anatazama kwanza uso wako

Mazungumzo na wazazi, Goma

Wamama na wababa, asanteni kwa kuja. Nianze na jambo linaloniuma. Mtoto analia, mtu mzima anamwambia: "Nyamaza, daktari atakuchoma sindano." Au: "Yule askari atakubeba." Mtoto ananyamaza, tunaona tumeshinda. Halafu siku ya chanjo anapiga kelele tangu getini mwa kituo cha afya, na sisi tunashangaa. Tumemfundisha wenyewe. Naomba tuache, kuanzia leo jioni.

Kuogopa vitu vigeni ni sehemu ya kukua. Mtoto wa miezi kama 8, aliyekuwa akibebwa na kila jirani, ghafla anamlilia shangazi aliyefika kutoka Bukavu. Shangazi asikasirike: mtoto ameanza kuwatambua watu wake. Akifika miaka 2 au 3 huja giza, mbwa, kelele. Umri huo anachowaza na kilichopo bado vimechanganyika, kwa hiyo "hakuna kitu hapo" haimtoshi.

Anachotafuta ni uso wako. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliwaweka watoto wa mwaka 1 juu ya meza ya kioo; upande mmoja ulionekana kama una shimo, na mama alikuwa ng'ambo. Mama alipotabasamu, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Nyuso tu, bila neno.

Mnakumbuka Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikaendelea kutetemeka siku baada ya siku. Wadogo walikuwa wanatutazama sisi. Na hatulazimiki kudanganya. Sema: "Ardhi imetetemeka, hata mimi nimeshtuka, nishike mkono tutoke." Hata sindano, usimwambie haiumi. Mwambie itauma kidogo na utampakata.

Sasa tuseme chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Inateremka imejaa makaa, magurudumu ya mbao yanapiga kelele, na mtoto wa miaka 3 anajificha ndani ya kitenge chako. Usimsukume mbele eti azoee. Mbebe, itazameni kutoka mlangoni. Siku nyingine tafuteni chukudu iliyosimama, mwombe mwenyewe ruhusa. Wewe shika usukani kwanza, gonga gurudumu kwa vidole, asikie ni mti. Akitaka kugusa, aguse; akikataa, mtarudi kesho. Mwende na dada yake asiyeogopa, maana mtoto humwamini mtoto mwenzake kuliko maneno yetu. Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1924 kuhusu mtoto aliyeogopa sungura: sungura alisogezwa kidogo kidogo wakati mtoto anakula anachokipenda, mpaka akawa anamgusa bila woga. Kazi ya uvumilivu, na ndiyo inayofaa.

Lakini kama wiki nyingi zinapita mtoto halali, amerudia kukojoa kitandani, haachii nguo yako hata ndani ya nyumba, mpeleke kituo cha afya na umweleze muuguzi yote. Na tafadhali, asichapwe kwa sababu ya godoro lililolowa.

Mama wa pale nyuma, uliinua mkono kuhusu mtoto anayegoma kuingia maternele, shule ya chekechea. Karibu, tunakusikiliza.