Kabla Hujapuliza Filimbi

Mbukwenyi wazazi wangu, walimu wenzangu. Shikamooni wakubwa.

Leo tuongee mazoezi ya mwili kwa watoto wetu wenye usonji, yaani wale ambao ubongo wao hupokea sauti, mguso na mazungumzo tofauti na wenzao. Nianze na kosa langu. Nilipoanza kufundisha michezo hapa Dodoma nilikuwa na mvulana wa darasa la tatu mwenye usonji. Kila nikipuliza filimbi aliziba masikio, akakimbilia nyuma ya vyoo. Nikauita ukaidi. Nikamwambia akae kivulini awatazame wenzake, na alikaa hapo karibu mwaka mzima. Mama yake ndiye aliyenieleza, kwa upole, kwamba mwanawe hata honi ya bodaboda humtoa machozi. Nikaacha filimbi, nikawa nainua kitambaa chekundu. Wiki ya pili alikuwa kwenye mstari. Kumbe hakuwa akikimbia mazoezi, alikuwa akikimbia sauti.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili, na wenye ulemavu wametajwa humo waziwazi. Si lazima ziwe za mkupuo mmoja. Kwa mtoto mwenye ADHD, yule asiyetulia na umakini wake kuhama upesi, mimi huzigawa dakika kumi kumi, na kipande kimoja nakiweka kabla ya hesabu.

Mwili una hisia zaidi ya zile tano tulizokariri shuleni. Ndani ya sikio kuna mizani. Misuli na maungio nayo huuambia ubongo mkono uko wapi, hata ukifumba macho. Kwa watoto wengi wenye usonji taarifa hizo hufika kwa nguvu mno, au kwa unyonge mno. Ndiyo maana mmoja huzunguka kama pia asipate kizunguzungu, mwingine akaogopa ngazi mbili tu. Nimeona kusukuma, kuvuta na kubeba kukiwatuliza wengi wao, na vifaa tunavyo majumbani: tairi bovu, ndoo ndogo ya maji, kinu na mchi.

Hapa nasema kwa uchungu. Katika shule zetu nyingi kuruka kichura na kupiga pushapu ni adhabu. Sasa mtoto anayeshika maneno kama yalivyo, leo umemrusha kichura kwa kuchelewa, kesho unamwambia aruke kwa ajili ya afya yake. Atakuelewaje? Nawasihi walimu wenzangu, tuache.

Tuna ngoma pia. Mdundo wa muheme, ngoma ya Wagogo, hujirudia, na mtoto anayehangaishwa na mambo ya ghafla hupata nafuu akijua hatua inayofuata. Lakini usimsimamishe mbele ya ngoma. Aanzie mbali, peku, ausikie mtetemo ardhini, kisha asogee mwenyewe. Binti mmoja alichukua muhula mzima kufika kwenye duara. Tulimsubiri.

Kijana wa miaka 15 msimpe michezo ya chekechea. Mpeni baiskeli, mbio, vyuma vyepesi. Kama mwili wake hauchukui mwendo mpya haraka, mgawieni zoezi vipande vipande: leo kusimama vizuri tu, kesho kushika mpira, kurusha kutakuja.

Na jua letu mnalijua. Wapo wasiohisi kiu mpaka wameishiwa nguvu, kwa hiyo maji yanywewe kwa kufuata saa, asisubiriwe aombe. Kabla ya saa tatu asubuhi panafaa. Kifafa huwapata zaidi watoto wenye usonji. Aliye nacho aonwe na daktari kwanza kabla ya kuogelea au kupanda juu.

Mama wa pale nyuma ameuliza aanzie wapi. Chora ukutani kwa chaki picha tatu: kukimbia, kusukuma, kunywa maji. Mfuatano uwe uleule kila siku, na ukitaka kuubadili mwambie tangu jana yake. Tairi liko nje chini ya mwarobaini, mama. Njoo naye tulisukume.